Jumanne kwa Mzee Sudi

Sudi Munyaneza alikuwa anaandika barua za watu. Kila asubuhi alitoka nyumbani kwake Biryogo, mtaa wa Kigali, na mashine ya taipu ndani ya sanduku lake, akapanda nayo polepole hadi baraza ya duka moja karibu na ofisi ya komini, ndiyo serikali ya eneo, akaiweka juu ya meza ya mbao na kusubiri. Mwenye kuomba kibali cha kujenga, mwenye kesi ya mpaka wa shamba, mwenye mtoto aliyekataliwa shule, wote walipita kwake kwanza kabla ya kuingia ofisini. Aliandika Kinyarwanda, Kifaransa cha ofisini na Kiswahili. Kiswahili ndicho alichokipenda, kwani ndicho kilichosemwa nyumbani kwao tangu babu yake alipofika kutoka Ujiji na mizigo ya chumvi na vitambaa, asirudi tena.

Waliojua kwamba alikuwa pia anatunga hadithi fupi ni wachache. Aliziandika kwa kalamu kwenye daftari la shule lenye jalada la bluu, saa za mchana ofisi ilipofungwa, na mbili kati ya hizo zilikwisha kusomwa kwenye redio ya nje. Mkewe, Mwamini, alizisikia zote kabla ya mtu mwingine yeyote. Akisinzia katikati, Sudi alijua hapo ndipo pa kukata.

Daftari hilo ndilo lililomponza. Vita ilipoanza mpakani mwezi wa Oktoba 1990, watu walikamatwa mjini kwa maelfu, wengi wao kwa neno la jirani tu. Sudi alichukuliwa asubuhi pamoja na daftari lake, chai yake bado ya moto. Alikaa siku nne kwenye nyasi za uwanja wa mpira pamoja na umati wa watu wasiojua kosa lao. Siku ya tano akaitwa kwenye chumba ambamo afisa mmoja, kijana, alikuwa ameketi na lile daftari mbele yake.

"Huyu Karoli anakaa wapi?" afisa akauliza.

"Hakai popote, afande. Nimemtunga."

"Umemtunga." Afisa akaweka kidole kwenye mstari, akasoma kwa sauti. "'Karoli alivuka mto Nyabarongo akiwa amevaa koti la kijivu. Kifungo cha katikati kilikuwa kimepotea, na mahali pake mkewe alikuwa ameshona ushanga mwekundu.' Mtu ambaye hayupo anawezaje kuwa na ushanga mwekundu?"

"Ndivyo hadithi zinavyoandikwa, afande. Bila ule ushanga msomaji hamwoni mtu."

"Mimi nimemwona," akasema afisa. "Nimemwona vizuri kabisa. Ndiyo maana nakuuliza anakaa wapi."

Siku tatu mfululizo swali lilikuwa hilo hilo, na siku ya tatu halikuulizwa kwa mdomo peke yake. Kisha wakachoka naye, wakampeleka gerezani, akakaa miezi sita bila kushitakiwa. Alipoachiwa mwezi wa Aprili mwaka uliofuata alikuwa amepoteza meno mawili, na goti lake la kushoto halikukunjika tena sawasawa. Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Waliomjua walisema amerudi mzee wa sabini.

Mwamini alikuwa ameificha mashine ya taipu ndani ya gunia la maharage. Siku aliyoitoa, mumewe akaipangusa vumbi, akajaribu herufi moja moja, akasema, "Nitarudi kwenye barua. Hadithi basi."

"Sawa, Baba Zuhura," akajibu Mwamini. Zuhura alikuwa binti yao wa pekee, aliyeolewa Bujumbura. "Lakini usiseme 'basi' kwa sauti kubwa hivyo."

Basi akarudi barazani. Barua haikumtisha. Barua ina anwani na ina mwenyewe, na afisa akiuliza mtu huyu anakaa wapi, jibu lipo. Alipiga taipu toka asubuhi hadi alasiri, akarudi nyumbani akala, akalala. Miezi ikapita hivyo.

Mwezi wa Agosti akaja msichana mmoja aitwaye Générose. Alikuwa na miaka ishirini na minne, akifanya kazi ya kufua na kupiga pasi mashuka katika zahanati moja mjini, na alitaka barua ya kuomba ahamishiwe chumba cha kufunga vidonda. Sudi akamwandikia. Alipomaliza, msichana hakuondoka. Akatoa mkobani karatasi nne zilizokunjwa.

"Mzee, iko kitu kingine. Hii nimeandika mwenyewe. Watu walisema wewe unajua hadithi."

"Watu wamekudanganya."

"Soma tu, baba. Ukisema mbaya, nitachoma."

Alisoma kwa sababu hakuwa na mteja mwingine. Ilikuwa habari ya mama mmoja aliyekuja zahanati kudai shuka alilofia mwanawe. Ukurasa wote wa kwanza ulieleza jinsi kifo kilivyo kibaya. Ukurasa wa mwisho ulimwomba Mungu awasamehe wanadamu wote. Kila penye herufi l palikuwa na r, maana Générose aliandika vile vile alivyosema: mtoto arirara, hakuamka. Lakini katikati, kwenye karatasi ya tatu, yule mama alilipokea shuka likiwa limekwisha kufuliwa, akalinusa, akamrudishia mfuaji akasema, "Siyo hili. Hili halina mtu."

Sudi akaikunja karatasi. "Usichome," akasema. "Lakini mimi sifundishi. Nenda."

Alirudi Jumanne iliyofuata. Jumanne alasiri ofisi ya komini haikupokea watu, na baraza ilikuwa tupu. Sudi akamwambia tena aende. Akarudi Jumanne nyingine, akakaa kwenye kiti cha wateja, karatasi zile zile zikiwa magotini. Sudi alimtazama mikono: ilikuwa imechubuka kwa sabuni. Akajisikia amechoka, kiasi kwamba kukataa nako kulikuwa kazi.

"Unajua wateja wangu wanavyoanza?" akamwuliza. "Mtu amekuja kuomba kibali cha kuweka bati. Anaanza na babu yake, shamba la babu yake, ugomvi wa mwaka wa sitini na tatu. Namwacha aseme. Kisha namwuliza: leo umekuja kuomba nini? Anasema, bati. Barua inaanzia kwenye bati. Hadithi yako inaanzia wapi?"

Générose akafikiri. "Mama amekuja kudai shuka."

"Basi ukurasa wa kwanza wote utoe."

"Wote? Niliuandika wiki nzima, mzee."

"Hukuupoteza. Ulikuwa unapanda mlima. Sasa umefika, huna haja ya kumpandisha na msomaji."

Hivyo ndivyo masomo yalivyoanza, bila mtu kuyapa jina la masomo. Sudi hakuandika chochote mwenyewe. Alisikiliza tu, macho yakiwa yamefumbwa, Générose akisoma kwa sauti. Pale alipokatika pumzi, Sudi aliinua kidole, na msichana akajua nukta inahitajika hapo. Pale sauti yake ilipoanza kuwa ya kasisi mimbarini, Sudi alikohoa.

"Ulimaliza zamani," alimwambia siku moja. "Mistari mitano nyuma. Mama alirudisha shuka, akatoka. Hadithi imekwisha. Hayo mengine unahubiri."

"Lakini watu wajue kwamba anaumia."

"Wamekwisha kujua. Ukiwaambia tena, unawaambia hawana akili."

Générose alimwuliza kuhusu Kiswahili chake, maana lilikuwa jambo lililomtia aibu. Kiswahili chake kilikuwa cha mitaani Nyamirambo, kila kitu iko, na ngeli zote zimeungana kuwa moja. Alidhani mwandishi lazima awe wa pwani. Sudi akamwambia kwamba mama wa shuka ni wa Kigali na aseme kama watu wa Kigali. Mfuaji naye vivyo hivyo. Yeye anayesimulia ndiye ajitahidi kunyoosha maneno, na kazi ya kunyoosha ni kazi ya pasi, wala Générose pasi haimshindi. Alimpa kamusi yake kuukuu isiyo na jalada, akamwambia alale na herufi l wiki nzima.

Kitu kimoja hakukifundisha kwa muda mrefu. Générose ndiye aliyekigundua. Aliandika juu ya mlinzi mmoja wa zahanati, akasema ni maskini, ni mpweke. Sudi akasikiliza. Msichana akasema, "Mzee, huyu hayuko. Simwoni. Nifanye nini?"

Sudi akasita. Akatazama barabarani, ambako askari wawili walikuwa wanakagua vitambulisho vya abiria wa basi dogo.

"Mpe kitu," akasema mwishowe kwa sauti ya chini. "Kitu kimoja ambacho mlinzi mwingine hana. Lakini jina la mtaa wake usiliandike."

Akamsimulia habari za afisa na Karoli. Hakuwahi kuzisimulia kwa mtu yeyote ila Mwamini. Générose hakucheka wala hakumpa pole. Aliuliza tu, "Na hadithi yenyewe, waliirudisha?"

"Hapana."

"Iandike tena."

"Nimechoka, binti."

Na kweli alikuwa amechoka. Mwaka 1992 na mwaka 1993 Kigali nzima ilichosha. Mabomu yalitegwa kwenye masoko na mabasi, vijana wa vyama vya siasa walipita wakiimba na virungu, wateja walileta barua za kulalamika kuhusu nyumba zilizochomwa na ofisi haikuzijibu. Générose alikuwa Mtutsi, na kitambulisho chake kilisema hivyo. Safari tatu alirudishwa njiani akienda kazini. Ombi lake la kuhamishwa halikupata jibu hata moja. Aliandika dakika ishirini kila siku, saa ya chakula, ameketi juu ya marundo ya mashuka machafu, maana Sudi alimwambia asisubiri siku yenye nafasi. "Siku hiyo haipo kwenye kalenda," alimwambia. Dakika zilipokwisha aliacha hata kama sentensi haijaisha, na kesho yake ile sentensi nusu ilimpa pa kuanzia.

Hadithi ya shuka aliifuta na kuiandika upya mara sita. Kila alipoimaliza Sudi alimlazimu aiweke kando wiki mbili, asiiguse. Kisha wakaipiga taipu na kuituma kwa jarida moja dogo la Dar es Salaam, kwa anwani ya sanduku la posta la Sudi. Baada ya miezi mitatu ikarudi na mstari mmoja: hatuwezi kuitumia.

Générose alilia pale barazani, mbele ya watu. Sudi alimwacha alie, kisha akaweka karatasi mpya kwenye mashine.

"Leo ndiyo siku ya kuanza nyingine," akasema. "Si kesho. Kesho utakuwa umejifunza kujihurumia. Na hii tuitume kwingine."

"Wewe hujaandika hata moja tangu utoke, unaniambia mimi nianze?"

Jioni hiyo Mwamini alimkuta Sudi ameketi uani na kalamu, na karatasi mbele yake haina kitu. Alikaa nayo hadi wito wa magharibi, akaikunja, akaenda kuswali.

Kwenye jarida la pili hadithi ya shuka ilikataliwa pia. La tatu, la Nairobi, liliikubali, na mwezi wa Januari 1994 nakala moja ikafika posta. Jina lake lilikuwa limechapwa Jenerosa, na aya moja ilikuwa imerukwa. Walikaa barazani wakiitazama. Générose aliisoma mara mbili, akapitisha mkono juu ya ukurasa kama anayenyoosha shuka.

"Nilidhani nitafurahi zaidi," akasema.

"Kila mtu hudhani hivyo."

"Mama yangu hasomi Kiswahili. Nitamsomea kwa Kinyarwanda."

"Msomee. Na Jumanne ulete ya mlinzi."

Aliileta, na wakaifanyia kazi Februari yote na Machi.

Mauaji ya Watutsi yalipoanza mwezi wa Aprili, Générose alifika Biryogo siku ya tatu, mchana, akiwa amejifunga kitenge cha Mwamini, ambaye alikwenda kumchukua mwenyewe kwa njia za nyuma ya nyumba. Mama yake Générose na dada zake wawili walikuwa wamekimbilia mahali pengine, na hakuwaona tena. Sudi alimweka kwenye ghala dogo nyuma ya chumba cha kulala, akasukuma kabati mbele ya mlango. Alikaa humo majuma kumi na mawili.

Wauaji walikuja mara mbili. Mara ya pili kiongozi wao alikuwa mtu aliyewahi kuandikiwa barua na Sudi, barua ya kuomba kazi ya udereva.

"Mzee, nasikia una mgeni," akasema.

Miaka yote Sudi alikuwa akisema kwamba uongo mzuri ni ule wenye kitu cha kushika. Siku hiyo hakumpa kitu cha kushika. "Hakuna mtu," akajibu. Akarudia hilo tu, maneno mawili, kila alipoulizwa. Mwamini alikuwa amelala kitandani mbele ya kabati, anatetemeka kwa homa, na mtu yule alimtazama, akatukana, akatoka.

Homa ya Mwamini haikuwa ya kuigiza. Ilikuwa malaria, na dawa haikuwepo mjini kote. Générose, ambaye miaka yote aliomba kuhamishiwa kwa wagonjwa, sasa alikuwa na mgonjwa mmoja na hana hata kidonge kimoja. Alitoka nyuma ya kabati, akamkanda kwa kitambaa cha maji, akamnywesha uji kwa kijiko. Mwamini alifariki juma la pili la mwezi wa Juni, saa nne asubuhi. Walimzika uani, Sudi na jirani mmoja, na Générose alisikiliza jembe akiwa ghalani.

Julai vita iliisha mjini. Générose alitoka nje akasimama uani, mikono juu ya macho kwa sababu ya mwanga. Nyumba ya mama yake ilikuwa imebomolewa hadi fremu za madirisha. Hakuna karatasi hata moja iliyobaki, wala lile jarida. Akakaa kwa Sudi, kwa kuwa hakuwa na pengine, na watu wa mtaa wakamwita binti yake.

Sudi alirudi barazani mwezi wa Agosti. Wateja walikuwa wengi kuliko zamani, na wote walitaka barua za aina moja: wanatafuta watu. Walioishi Uganda na Tanzania miaka thelathini walikuwa wanarudi, wakitafuta ndugu wa wazazi wao. Waliookoka walitafuta watoto. Mashine ililia toka asubuhi. Générose alikuja kumsaidia, akajifunza kupiga taipu kwa vidole vinne, na jioni walirudi nyumbani bila kusemezana. Usemi wenyewe ulikuwa umekwisha barazani.

Siku moja Jumanne, hakuna aliyekumbuka kwamba ni Jumanne, akaja mwanamke aitwaye Kaliza, aliyekulia Karagwe, Kiswahili chake laini kabisa. Barua yake ilipokwisha alisema amewahi kusoma hadithi ya shuka kwenye jarida, na kwamba ameambiwa mwandishi anapatikana hapa. Alitaka kumjua.

Générose aliinama juu ya mashine. "Siandiki tena," akasema.

Kaliza alipoondoka, Sudi alianza kukanda goti lake. Générose alidhani atamlazimisha, kama zamani, na alikuwa tayari kugombana.

"Usiandike," akasema Sudi. "Mimi nilikuambia uanze siku ile ile. Hiyo ilikuwa kwa barua ya jarida. Hili silo lile. Hili sijui dakika zake ni ngapi."

"Na nikikaa hivi hivi?"

"Utakuwa umekaa. Hakuna wa kukuhukumu. Ila usikilize tu watu wanavyosema hapa mezani. Hiyo haina gharama, na masikio hayachoki kama mkono."

Akasikiliza. Septemba ikapita na Oktoba ikapita. Wazee walitaja majina ya watoto wao kwa kufuata umri, hata walipokuwa wanamtafuta mmoja tu. Mwanamume mmoja alikuja siku tano mfululizo kubadilisha neno moja katika barua ile ile. Générose hakuandika lolote, ila Sudi aliona kwamba ameanza kugeuza kichwa watu wanapozungumza.

Mwishoni mwa Novemba, mvua ikinyesha na baraza haina mtu, alitoa mfukoni nusu karatasi. Haikuwa habari ya Aprili. Ilikuwa juu ya yule mwanamume wa siku tano, na iliishia katikati ya sentensi.

"Nisome?"

"Soma."

Akasoma. Sauti ilikuwa kavu, akakatika pumzi mara mbili, na Sudi akainua kidole mara mbili. Alipofika mwisho, mzee akafumbua macho.

"Umesema huzuni hapa juu na tena hapa chini."

"Nitoe ipi?"

Sudi akaichukua karatasi, akaiweka karibu na macho, maana yalikuwa yameanza kumpotea. Akatafuta kalamu mfukoni, hakuipata, Générose akampa yake.

"Zote mbili," akasema, na kuanza kukata.